Namna ya kuandika wasifu wa mwanafalsafa wa sayansi: Karl Popper kama mfano wa kazi

Wasifu wa mwanafalsafa wa sayansi huharibika kwa njia mbili. Ama unageuka orodha ya tarehe, vyeo na vitabu, msomaji akamaliza bila kujua mtu huyu alikuwa anahangaika na nini. Ama unageuka muhtasari wa nadharia zisizo na mwaka wala mahali, kana kwamba zilizaliwa zikiwa zimekomaa. Dawa ya kasoro zote mbili ni moja: lishike swali ambalo mhusika alikuwa akilitafutia jibu, kisha katika kila hatua ya maisha yake uulize swali hilo lilikuwa limefika wapi wakati huo, si miaka thelathini baadaye.

Hapa tunamtumia Karl Popper (1902–1994), mwanafalsafa wa sayansi aliyezaliwa Vienna, kwa sababu maisha yake yana karibu kila mtego unaomngoja mwandishi wa aina hii ya wasifu. Makala tunayoilenga ni ya maneno 2,500 hadi 3,000, ya kamusi elezo au jarida. Nafasi ikipungua, anza kukata tuzo na vyeo. Mawazo yaguswe mwisho kabisa.

Swali kwanza

Kabla hujaandika tarehe hata moja, andika juu ya ukurasa sentensi mbili za maswali ya Popper. La kwanza: ni nini kinachoitenga nadharia ya kisayansi na nadharia isiyo ya kisayansi? La pili: je, kuona jambo likitokea mara nyingi kunatupa haki ya kudai kwamba litatokea daima? Hili la pili lilikuwa la mwanafalsafa wa Uskoti David Hume tangu karne ya 18, na Popper aliamini ametegua kitendawili chake kwa kukubali kwamba haki hiyo hatuna, na sayansi haiihitaji.

Sentensi hizo zibaki mbele ya macho hadi mwisho. Kila aya uipime: inagusa swali lipi? Isiyogusa lolote, ifute au ibane iwe nusu ya sentensi. Hata upande wake wa siasa unaingia kwa mlango huohuo. Popper alidai kwamba sera ya serikali ni jaribio linaloweza kushindwa, na kwamba swali la maana katika siasa si nani atawale bali tutawaondoaje watawala wabaya bila kumwaga damu. Mwandishi anayekiweka kitabu cha siasa katika sura ya pekee, mbali na sayansi, amemkata mtu huyu vipande viwili.

Jedwali la tarehe lenye safu nne

Jedwali la kawaida lina safu moja ya mwaka na moja ya tukio. Kwa mwanafalsafa aliyeandika kwa lugha mbili halitoshi. Weka safu nne: lini kazi iliandikwa, lini ilichapwa mara ya kwanza, lini ilitoka kwa Kiingereza, na lini yeye mwenyewe aliisimulia.

Tazama kitabu chake kikuu. Kati ya 1930 na 1933 aliandika mswada mrefu juu ya maswali yale mawili. Mchapishaji, Springer, alitaka kisizidi kurasa 240. Mjomba wake, Walter Schiff, ndiye aliyeshika kalamu akaufyeka mswada karibu nusu. Kilichobaki kikatoka mwishoni mwa 1934 kwa jina la *Logik der Forschung*, ukurasa wa jina ukiwa na mwaka 1935. Toleo la Kiingereza, *The Logic of Scientific Discovery*, halikuja hadi 1959. Mswada mrefu wenyewe, au sehemu zake zilizosalimika, ulichapwa 1979.

Kosa linalojirudia ni kusoma toleo la 1959 peke yake na kulichukulia kila neno lililomo kuwa la kijana wa miaka 32. Sivyo. Popper aliongeza tanbihi na viambatisho vingi, na kwa uaminifu alivitia alama ya nyota: tanbihi na viambatisho vyenye nyota ni vya baadaye, visivyo na nyota ni vya toleo la Kijerumani. Kila unaponukuu kitabu hicho, angalia kwanza kama pana nyota. Ni kazi ya sekunde mbili, na inakuepusha na aibu ya kumfanya Popper wa 1934 ajue mambo aliyoyafikiria katika miaka ya 1950.

Tahadhari hiyohiyo itumike kwa *The Poverty of Historicism*: zilikuwa makala za 1944 na 1945 katika jarida la *Economica*, ndipo zikawa kitabu mwaka 1957. Tawasifu yake ilitoka 1974 ndani ya juzuu kubwa la wanafalsafa walio hai, ikatolewa peke yake 1976.

Vienna: chuja kumbukumbu

Mambo ya msingi hayana ubishi. Alizaliwa Vienna tarehe 28 Julai 1902, mtoto wa mwisho baada ya dada wawili. Baba, Simon Popper, alikuwa wakili mwenye maktaba ya maelfu ya vitabu nyumbani. Wazazi wote wawili walikuwa wa asili ya Kiyahudi waliokuwa wamebatizwa katika kanisa la Kilutheri. Aliacha shule akiwa na miaka 16 na kuhudhuria mihadhara ya chuo kikuu kama mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alijifunza useremala kwa fundi mmoja wa Vienna aliyejiona anajua kila kitu. Popper alisema baadaye kwamba fundi huyo alimfundisha mengi zaidi kuhusu elimu na mipaka yake kuliko mwalimu mwingine yeyote. Mwaka 1925 aliingia taasisi ya ualimu, 1928 akapata udaktari chini ya mwanasaikolojia Karl Bühler, 1929 akafuzu kufundisha hisabati na fizikia katika shule za sekondari, na 1930 akamwoa Josefine Henninger, mwalimu mwenzake. Aya mbili fupi zinatosha kwa yote hayo.

Ugumu uko mwaka 1919. Popper alisimulia mara nyingi kwamba kigezo chake cha kuitenga sayansi na kisicho sayansi kilimjia majira ya baridi ya 1919–1920, alipolinganisha mambo mawili. Upande mmoja palikuwa na mwanasaikolojia Alfred Adler, ambaye Popper alimsaidia kazi za kuhudumia watoto. Siku moja alimpelekea habari za mtoto ambaye kwa maoni yake hakuiafiki nadharia ya Adler. Adler akaieleza kesi yote kwa nadharia yake bila kumwona mtoto. Alipoulizwa uhakika huo ameutoa wapi, alijibu kwamba ni kwa uzoefu wa mara elfu moja. Popper akamjibu kwamba kwa kesi hii sasa uzoefu umekuwa wa mara elfu moja na moja. Upande wa pili palikuwa na Einstein, aliyekuwa amekubali nadharia yake ipimwe kwa namna ambayo ingeweza kuiangusha.

Simulizi ni tamu na inaeleza wazo vizuri, ndiyo maana kila mwandishi huimeza nzima. Lakini rudi kwenye safu ya nne ya jedwali: ilisimuliwa katika mhadhara wa Cambridge mwaka 1953 na tena katika tawasifu ya 1974. Wanahistoria waliosoma kazi zake za miaka ya 1920 wamekuta zaidi saikolojia ya kujifunza, malezi na jiometria, huku kigezo chenyewe kikijitokeza wazi katika miswada ya kuanzia 1930. Hapa si lazima umwite mwongo. Mtu hupanga kumbukumbu zake kwa kufuata mahali alipofika. Kazi yako ni kumwonyesha msomaji habari imetoka wapi. Sentensi ya aina hii inatosha:

"Kwa maelezo yake ya baadaye, Popper alianza kufikiria kigezo hiki mwaka 1919; lakini katika maandishi yaliyobaki kinaonekana wazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930."

Kieleze kigezo kwa namba

Theluthi moja ya wasifu, yaani maneno 800 hadi 1,000, iende kwenye mawazo. Usianze na fasili. Anza na mfano wenye kipimo, kwa maana wazo la Popper lote linahusu hatari ambayo nadharia inajitia.

Mfano bora ni ule alioutumia mwenyewe. Nadharia ya Einstein ilisema kwamba mwanga wa nyota unaopita kando ya Jua unapindwa kwa sekunde 1.75 za pembe. Mfafanulie msomaji kipimo hicho: digrii moja ina sekunde 3,600. Hesabu ya kufuata Newton ilitoa karibu nusu yake, 0.87. Tarehe 29 Mei 1919 Jua lilipatwa, na Waingereza walipiga picha za nyota kutoka vituo viwili: kisiwa cha Príncipe katika Ghuba ya Guinea, alikokuwa mwanaastronomia Arthur Eddington, na Sobral nchini Brazil. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba na kuelemea upande wa Einstein. Jambo la kusisitiza ni kwamba kabla ya picha kupigwa, nadharia ilikuwa imeshataja namba. Nyota zingebaki mahali pake, basi, nadharia ingekuwa matatani.

Mkabala wake, tumia mfano wa Popper wa watu wawili: mmoja anamsukuma mtoto majini ili azame, mwingine anajitosa kumwokoa hata kwa gharama ya uhai wake. Nadharia ya Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, inawaeleza wote wawili. Ya Adler pia inawaeleza wote wawili. Hakuna tendo la binadamu ambalo nadharia hizo zingesema haliwezekani, na kwa Popper hiyo haikuwa nguvu yake bali udhaifu wake. Ndipo sasa utoe fasili: nadharia ni ya kisayansi ikiwa inakataza kitu, yaani ikiwa lipo tukio linaloweza kuwaziwa ambalo likitokea litaikanusha.

Katika sehemu hii ndipo makosa mabaya zaidi hufanyika, nayo ni matatu.

La kwanza ni kusema kwamba kwa Popper kisichokanushika ni upuuzi. Hilo halikuwa dai lake. Wanafalsafa wa Duru ya Vienna, kundi la wanafalsafa na wanasayansi lililokutana mjini humo, walikuwa wakitafuta mpaka kati ya maneno yenye maana na yasiyo na maana. Popper alitafuta mpaka kati ya sayansi na kisicho sayansi, na alishikilia kwamba upande wa pili kuna mawazo yenye maana kubwa, mengine yakiwa mbegu za sayansi ya kesho. Alitoa mfano wa wazo la atomu, lililoanza kama falsafa ya Wayunani.

La pili ni kudai aliamini kwamba tukio moja baya linaua nadharia papo hapo. Kitabu cha 1934 chenyewe kinasema kwamba ukanusho wa mwisho kabisa haupatikani kamwe, kwa kuwa mtu anaweza daima kulaumu vifaa au dhana za pembeni. Kinataka ukanusho utokane na tokeo linaloweza kurudiwa, si ajali ya siku moja. Mfano wa kumwelezea msomaji ni sayari ya Uranus. Ilipoonekana haifuati njia iliyokadiriwa, hakuna aliyemtupa Newton. Mwanaastronomia Mfaransa Le Verrier alikadiria kwamba kuna sayari nyingine inayoivuta, na tarehe 23 Septemba 1846 mwenzake Mjerumani Galle aliikuta Neptune huko Berlin, chini ya digrii moja kutoka pale ilipotabiriwa. Je, huko kulikuwa kuikinga nadharia? Ndiyo, lakini kwa dhana ambayo nayo ilijianika kwa jaribio: darubini ingeweza kukuta mbingu tupu. Popper aliruhusu dhana za namna hiyo na kukataa zile zinazoongezwa ili nadharia isiguswe tena. Ukiielewa tofauti hiyo, umeelewa nusu ya kitabu.

La tatu ni dogo kwa sura, kubwa kwa athari: kuandika kwamba nadharia "imethibitishwa" kwa kupita jaribio. Andika kwamba imestahimili majaribio hadi sasa. Kitenzi kimoja kibaya kinalifuta swali lake la pili lote.

Hakuwa mwanachama wa Duru ya Vienna

Kosa hili limeenea kwa sababu inayoeleweka. Alikuwa Vienna miaka hiyohiyo, alijuana na baadhi ya wanachama, na kitabu chake kilitoka katika mfululizo uliohaririwa na Moritz Schlick, kiongozi wa duru, pamoja na Philipp Frank. Lakini Schlick hakuwahi kumwalika kwenye vikao vya Alhamisi, na Otto Neurath, mwanachama wa duru, alimwita upinzani rasmi wa duru. Sentensi moja inatosha, mradi isikosekane.

Christchurch, 1937 hadi 1945

Waandishi wengi huruka kutoka Vienna hadi London. Usifanye hivyo, hapa ndipo mwanafalsafa wa fizikia alipokuwa pia mwanafalsafa wa siasa. Hatari ya Wanazi ilikuwa wazi kwake, na mwaka 1937 alikwenda kufundisha falsafa katika Canterbury University College, mjini Christchurch, New Zealand. Alikuwa amepewa pia hifadhi ya muda Cambridge. Aliiacha na kuomba apewe Friedrich Waismann, mwanafalsafa wa Duru ya Vienna. Huko Christchurch, kwa maelezo yake, aliambiwa kwamba muda anaoutumia kwa utafiti ameuiba kwenye muda wa kazi anaolipwa.

Machi 1938 Hitler aliitwaa Austria, na Popper akaamua kuandika *The Open Society and Its Enemies*. Kazi hiyo aliiita mchango wake katika vita. Mkewe ndiye aliyekuwa akipiga chapa. Mswada ulikuwa tayari mwaka 1943 lakini wachapishaji waliukataa. Rafiki zake wawili walioko Uingereza, mwanahistoria wa sanaa Ernst Gombrich na mwanauchumi Friedrich Hayek, walihangaika hadi Routledge ikautoa 1945 katika juzuu mbili. Umtaje Josefine kwa jina na kwa kazi. Wasifu mwingi unamwacha kama kivuli, ilhali bila mikono yake vitabu hivyo visingefika kwa mchapishaji.

Tukio la Cambridge: jinsi ya kuandika jambo lenye mashahidi wanaopingana

Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1946, katika chumba H3 cha King's College, Popper alitoa mada kuuliza kama kuna matatizo ya kifalsafa. Mwenyekiti alikuwa mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, aliyeamini kwamba kuna mafumbo ya lugha tu. Waliokuwepo walikuwa kama thelathini. Wittgenstein alishika chuma cha kuchochea moto na kukitikisa huku akizungumza, kisha akatoka chumbani. Popper aliandika kwamba alipotakiwa kutoa mfano wa kanuni ya maadili alijibu: kutowatishia wahadhiri wageni kwa chuma cha moto, na kwamba hapo Wittgenstein alikitupa chini akaondoka, akiubamiza mlango. Mashahidi wengine walisema jibu hilo lilitolewa Wittgenstein akiwa ameshatoka.

Utaratibu wa kuandika ni huu. Tanguliza yale ambayo pande zote zinakubali: siku, mahali, mada, chuma, kuondoka. Fuatisha toleo la mhusika ukisema ni lake. Malizia kwa kusema wazi ni kipengele kipi hasa kinachobishaniwa, hapa ni mfuatano tu: jibu kabla au baada ya kuondoka. Usichague mshindi. Maneno 100 hadi 120 yanatosha. Likizidi hapo, dakika kumi za usiku mmoja zitameza miaka tisini na miwili.

London na wapinzani

Alianza kazi London School of Economics mwaka 1946, akawa profesa wa mantiki na mbinu za sayansi 1949, akastaafu 1969. Usijaze sehemu hii kwa majina ya wanafunzi. Chagua mabishano mawili na uyaeleze vizuri. La lazima ni lile na Thomas Kuhn, mwanahistoria wa sayansi, aliyesema katika kitabu chake cha 1962 kwamba kwa muda mwingi wanasayansi hawajaribu kuangusha nadharia zao bali hutegua mafumbo ndani yake. Walikutana London Julai 1965, Popper akiwa mwenyekiti wa kikao kilichojadili hoja za Kuhn. La pili ni Imre Lakatos, mwenzake wa chuo, aliyejaribu kuwapatanisha kwa kuhukumu mfululizo mzima wa nadharia badala ya nadharia moja moja. Katika sehemu hii useme pia habari ya tabia yake: waliopita kwenye semina zake wameeleza jinsi mtoa mada alivyokatizwa tangu sentensi za mwanzo. Mtu aliyetetea ukosoaji maisha yake yote hakuwa mwepesi kukosolewa, na hilo ni sehemu ya picha.

Bilionea George Soros alisoma chuoni hapo akavutiwa naye, ndiyo asili ya jina la mashirika ya Open Society ambayo yanajulikana hata Nairobi. Popper hakuyaanzisha, andika hivyo.

Heshima ziwe mstari mmoja: cheo cha Sir mwaka 1965 (usimwite hivyo kabla ya hapo), mwanachama wa Royal Society (chama cha wanasayansi cha Uingereza) 1976. Josefine alifariki 1985, naye tarehe 17 Septemba 1994. Majivu yake yalizikwa Vienna, kaburini kwa mkewe.

Ukaguzi kabla ya kuchapisha

Pitia rasimu mara tatu, kila mara kwa jambo moja tu. Mara ya kwanza tafuta miaka: kila kitabu kina mwaka wa toleo la kwanza, si wa tafsiri? Mara ya pili tafuta vitenzi vya uhakika kama "alithibitisha" na "alikanusha kabisa". Mara ya tatu tafuta kila kauli uliyompa Popper bila kusema ni ya lini, kwa sababu alikuwa akibadilisha msimamo na kutangaza kwamba amebadilika. Katika tawasifu ya 1974 aliuita Udarwini, yaani nadharia ya Darwin ya mageuko ya viumbe kwa uteuzi asilia, si nadharia inayojaribika bali mpango wa utafiti wa kimetafizikia. Katika mhadhara alioutoa Cambridge mwaka 1977, uliochapwa 1978, alisema amebadili mawazo kuhusu kujaribika kwa nadharia ya uteuzi asilia, na akafurahi kupata nafasi ya kulisema hadharani. Wapinzani wa mageuko ya viumbe hunukuu kauli ya kwanza na kuinyamazia ya pili. Ukiitaja moja, itaje na nyingine katika aya hiyohiyo, kila moja na mwaka wake.